Sauti ya Mlango Katika Kanda ya Eli

"Ukimkuta mtu mbaya anasoma neno zuri, neno linaharibika?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa hata kiti changu. Aliyeuliza alikuwa Mchungaji Kiongozi, mkuu wa makanisa yote ya dhehebu lake katika Wilaya ya Bariadi. Wakati huo Mkoa wa Simiyu haukuwapo, na mambo yetu yote makubwa yaliamuliwa Shinyanga. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya isimu na mdomo mrefu. Nilikuwa nimezoea kuwauliza wengine maswali, na hilo lilinikwamisha. Nikasema, "Inategemea, Mchungaji." Akacheka.

"Inategemea nini, ng'wana Luhende?" Luhende ni baba yangu, na kwetu mtu mzima akikuita mtoto wa fulani, anakuheshimu na kukukumbusha ulikotoka kwa pamoja. "Haya. Ukipata jibu utaniambia. Mpaka hapo fanya kazi."

Ninawaandikia ninyi vijana mnaotengeneza vipindi na kusambaza sauti kwa simu, mnaodhani kazi hii ilianza na ninyi. Haikuanza na ninyi. Tuliifanya kwa kanda za kaseti, betri ya gari na magodoro.

Serikali ilikuwa imepunguza ajira. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanauza mitumba Mwanza, nao hawakuona aibu, kwa sababu biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alikuwa anajaribu. Pikapu za wanunuzi binafsi wa pamba zilifika vijijini ambako zamani alifika mtu wa ushirika peke yake. Redio kaseti zilikuja kwa wingi, na vijana walikuwa radhi kubadilisha ndama kwa redio moja. Ndipo kanisa likaona njia. Wazee wengi wa vijijini hawakusoma, Kiswahili walikisikia kwa mbali, lakini redio ilikuwa nyumbani. Mradi ukaanzishwa wa kurekodi hadithi za Biblia kwa Kisukuma. Walihitaji mtu aliyesomea lugha. Sikuwa muumini wa kanisa lile wala la jirani yake, na nilisema hivyo kwenye usaili. Mchungaji Kiongozi alisema ni vizuri, mtu asiyeamini hataongeza chumvi.

Kazi yangu iliitwa upimaji, nami niliitwa mpimaji. Kwanza hadithi ilitafsiriwa. Kisha ilirekodiwa kanda ya majaribio, ambayo mimi niliibeba hadi kijijini. Nilitafuta wasikilizaji wapya, yaani watu ambao hawajawahi kusikia hadithi hiyo: wachungaji wa ng'ombe, bibi wanaoshika mambo ya mizimu ya ukoo wao, watu wasiofika kanisani. Niliwachezea kanda mara moja. Halafu nilimwomba mmoja anisimulie upya kwa maneno yake. Nilikatazwa kumsaidia. Nilikatazwa hata kutikisa kichwa.

Mtu anaposimulia upya, pale alipoelewa atapita kama maji kwenye mfereji. Pale pasipoeleweka atasimama, au atatia kitu chake mwenyewe. Hapo ndipo sisi tulipaita tundu. Hadithi yenye tundu hairudufiwi. Inarudi mezani, inatengenezwa, inapimwa tena. Mpaka mpimaji aseme mezani mbele ya wote, "Limepita," kanda mama, ile ambayo nakala zote zingetokana nayo, haikurekodiwa. Neno hilo moja ndilo lilikuwa mamlaka yangu yote, nami nililipenda.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo nyuma ya ofisi, tumekizungushia magodoro ukutani ili sauti isirudi. Fundi mitambo alikuwa Masanja, kijana mpole mwenye sikio la popo. Jogoo akiwika nje, tunaanza upya. Mvua ikipiga bati, tunakaa kuinywea chai mpaka iishe. Siku moja msomaji alimaliza kisa kizima cha Ruthu, Masanja akavua visikizio na kusema, "Kuna ng'ombe amekohoa." Tukaanza upya. Hakuna kelele iliyowahi kupita kwa Masanja, isipokuwa moja, na hiyo nitaifikia.

Msomaji mkuu alikuwa Mchungaji Kiongozi mwenyewe. Hatukumchagua kwa cheo. Hakuna mtu wilayani aliyekuwa na Kisukuma kama chake, sauti nzito isiyo na haraka, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Hata wasiompenda walinyamaza akisoma. Nawaambieni haya mapema ili msimfanye mtu mbaya wa hadithi. Alichimbisha visima. Alikataa kupokewa kwa ng'oma. Mezani kwake nilimwona akila ugali na mtindi, na nyama akiwasukumia wageni.

Mwaka wangu wa pili tukafika kwenye kisa cha Samweli. Mnakijua: mtoto analala hekaluni Shilo, anaitwa kwa jina, anamkimbilia kuhani mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Mara tatu. Mwishowe Eli anaelewa ni Mungu, anamfundisha mtoto namna ya kuitika akiitwa mara ya nne. Makanisa yanakipenda kisa hiki. Watoto wanakiigiza wakiwa na shuka.

Kanda ya majaribio niliyopewa iliishia hapo. Mungu anaita, mtoto anaitika, asubuhi mtoto anafungua milango ya hekalu. Kwisha.

Nikaipeleka Nkololo. Nikakaa na wazee na vijana kwenye kivuli cha ghala la pamba, nikacheza kanda, nikamwomba mzee Jilala anisimulie. Mzee Jilala alikuwa na ng'ombe wengi na dini ya babu zake, na kanisani alikuwa ameingia mara moja tu, kwenye msiba. Alisimulia vizuri kabisa mpaka mtoto anapoitika. Hapo akasema, "Basi Mungu akamwambia, ng'ombe wa Eli wameingia kwenye shamba la mtu."

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akasema, "Mzee, Mungu amwamshe mtoto usiku kwa sababu ya ng'ombe?"

"Wewe huamshwi usiku kwa sababu ya ng'ombe?" mzee Jilala akamjibu. "Mungu amekuja mara nne. Mtu haji mara nne kukusalimu. Sasa mayu," akanigeukia mimi, kwa neno letu la kumwita mwanamke kwa heshima, "alikuja kusema nini?"

Sikuruhusiwa kujibu. Nikaandika: tundu.

Kesho yake nilikuwa Sapiwi, kwa kikundi cha akina mama. Hawa walikuwa waumini wengi wao, lakini kisa hicho hawakuwa wamekisikia kwa lugha yao. Aliyesimulia aliitwa Mama Minza, mjane, mrefu, mwenye macho yasiyopepesa. Naye alipita vizuri mpaka pale pale. Hapo akasema, "Mungu akamwambia mtoto nani anakula nyama."

Hakucheka mtu. Nikamwuliza swali ambalo mpimaji anaruhusiwa kuuliza, "Umelisikia wapi hilo, mayu?"

"Sijalisikia popote. Eli ni kuhani. Ni mzee. Ana nyumba. Watu wanaleta sadaka. Mungu anampita yeye, anamwamsha mtoto. Kama ni jambo zuri angemwambia mwenye nyumba."

"Na kwa nini nyama?"

Wenzake wakaanza kuangalia chini. Mama Minza akawaambia, "Mnaogopa nini? Huyu ni mtoto wa Luhende, si wa Mchungaji." Akanieleza.

Kila sikukuu ya mavuno, nyumba za Sapiwi zilitoa ng'ombe kwa ajili ya chungu cha wajane na wazee. Zamani walichinjwa pale pale kanisani, na kila mtu aliona nini kinaingia chunguni. Biashara ilipofunguliwa, watoto wawili wa kiume wa Mchungaji Kiongozi walirudi kutoka mjini, wakafungua bucha Bariadi. Wakasema siku hizi ng'ombe achinjwe kisasa, akaguliwe na bwana afya, nyama irudi safi. Ng'ombe wakaanza kupelekwa Bariadi. Kilichorudi Sapiwi ni vichwa, miguu na utumbo.

"Mwaka jana nilitoa mori wangu," Mama Minza akasema. "Mori wa pekee niliyekuwa naye, hajazaa hata mara moja. Nilijua kidari hakirudi. Lakini nilidhani hata mbavu."

"Ukajua na bado ukatoa?"

"Mwaka huu natoa beberu. Chungu ni chetu, mwanangu. Nikiacha kutoa, bibi Holo atakula nini? Yeye hana hata utumbo."

Nilirudi Bariadi juu ya shehena ya pamba nikiwa nimefura. Usiku ule nikafungua Biblia ya Kiswahili, maana tafsiri yetu ilikuwa imeanzia sura ya tatu na mimi nilikuwa mvivu wa kusoma zaidi ya nilichopewa. Nikasoma sura ya pili. Nikakaa wima.

Yote yamo. Watoto wawili wa kiume wa Eli walikuwa makuhani pamoja na baba yao. Mtu alipochemsha nyama ya sadaka, mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu, akauchoma chunguni, na kilichonaswa kilikuwa chao. Baadaye hata kusubiri wakachoka. Wakadai nyama mbichi kabla mafuta hayajachomwa kwa Mungu, na mtu akisita, wanachukua kwa nguvu. Baba yao alisikia. Aliwasema kwa mdomo, nao hawakusikia, akaacha. Na ule ujumbe wa usiku uliokatwa kwenye kanda yetu ulikuwa huo: nyumba ya Eli itahukumiwa, kwa sababu alijua na hakuwazuia.

Mimi nilikuwa nimeisoma Biblia chuoni kama polisi anavyosoma maelezo ya mtuhumiwa, nikitafuta mahali pa kuinasa. Sikuwa nimetazamia kukuta kitabu kinachowasema viongozi wake wenyewe kwa ukali kuliko nilivyoweza mimi. Nikaanza kupekua. Ezekieli anawageukia wachungaji wa Israeli: mnakunywa maziwa, mnavaa sufi, mnachinja walionona, kondoo hamwalishi. Amosi anafukuzwa kwenye hekalu la mfalme na kuhani mwenye mshahara. Yesu anasimama mbele ya umati na kuwataja waandishi na Mafarisayo kuwa makaburi yaliyopakwa chokaa, watu wanaowafungia wengine mizigo mizito na wao hawagusi hata kwa kidole. Na kabla ya hayo, katika hotuba ile ile, anawaambia watu washike wanayofundishwa na hao hao, ila wasifuate matendo yao. Hapo nilikasirika. Nililiona kama kuwakinga. Sikuona kwamba ndilo swali langu la siku ya kwanza.

Asubuhi nikaingia kwa Mchungaji Kiongozi.

"Mwangaluka, Mchungaji."

"Mwangaluka, ng'wana Luhende. Samweli limepita?"

"Halijapita. Lina tundu."

"Wapi?"

"Mungu alisema nini. Watu hawajui, wanajaza wenyewe."

"Wanajaza nini?"

Nikamwambia la ng'ombe wa Eli kuingia shambani. Akacheka mpaka akafuta macho. "Huyo ni Jilala," akasema. "Na Sapiwi?"

Nikaanza kukunja na kukunjua ukanda wa mfuko wangu. Nilikuwa mtu wa kusema, lakini mtu huyu alikuwa mzee kuliko baba yangu, na alikuwa amenipa kazi wakati nchi nzima haikuwa nayo.

"Usinifiche," akasema.

Usiku ule nilikuwa nimesoma na sura ya tatu mpaka mwisho. Nilijua kwamba Eli alimwambia mtoto neno hilo hilo asubuhi, mtoto alipoogopa kusema. Nadhani naye alilisikia likitoka kinywani mwake, maana aliinamisha macho. Nikamwambia yote. Mori wa Mama Minza, bucha, vichwa na utumbo.

Akasukuma kando kikombe chake cha chai. Kisha akasema, "Samweli litarekodiwa kama lilivyo. Sura ya tatu, bila maneno ya hukumu."

"Sitasema limepita."

"Mwanangu, angalia nje. Kila uwanja una mhubiri mpya na spika. Ukiwasikilizisha watu kwamba nyumba ya kuhani ilikula sadaka, kesho watahamia huko."

"Wamekwisha kujua, Mchungaji. Tundu wamelijaza wenyewe. Kilichobaki wasichojua ni kama Biblia nayo inajua."

"Unadhani mimi sijahubiri unafiki? Nimewahubiri Mafarisayo tangu hujazaliwa."

"Mafarisayo wako mbali."

"Na Eli?"

"Eli yuko Sapiwi. Sikusema mimi, wamesema wao."

Akasimama, akaenda dirishani. "Wewe huna mtoto wa kiume," akasema akinipa mgongo. Haikuwa karipio. Halafu akageuka akiwa Mchungaji Kiongozi tena. "Mshauri anakuja wiki ijayo. Ataamua yeye. Akikubaliana na mimi, tutatafuta mpimaji mwingine."

Mshauri alikuwa mkubwa wetu wa kitaalamu, alikuja kutoka Dodoma mara mbili kwa mwaka na gari lenye vumbi na viatu visivyo na vumbi. Alijua Kiebrania na Kigiriki. Alikuwa na desturi ya kufumba macho ukimpa taarifa, hata usijue kama anasali au amelala. Nilisimama mbele yake na nikamweleza kanuni zake mwenyewe: kisa kikikatwa kwenye moyo wake, msikilizaji anakitia moyo mwingine. Nikamweleza vijiji vyote viwili. Sikutaja bucha. Nilitaja tundu tu, kwa sababu tundu lilitosha.

Akafumbua macho. "Unazungumza vizuri," akasema. "Wewe ni Mlutheri au Mkatoliki?"

"Mimi ni mpimaji."

Masanja, aliyekuwa anaunganisha nyaya pembeni, akakohoa kuficha kicheko. Mshauri akasema, "Tuachie nafasi, binti. Nizungumze na Mchungaji."

Jioni hiyo niliambiwa niende kijiji cha mbali kupima kisa cha Yona, na nikabaki huko siku kadhaa. Nilifunga nguo zangu zote kabla ya kuondoka, maana nilidhani nikirudi nitakabidhi ufunguo.

Niliporudi, Masanja alinipokea mlangoni, akanivika visikizio. Kanda mama ilikuwa tayari. Sauti ya Mchungaji Kiongozi ilianzia sura ya pili. Uma wa meno matatu ulikuwamo. Nyama mbichi ilikuwamo. Sehemu ya Eli akiwaambia wanawe kwamba habari anayoisikia kwao si njema, ilikuwamo. Wito wa usiku, na baada ya wito ujumbe wote, mpaka mwisho ambapo Eli anaambiwa na kukubali, akisema ni Bwana, afanye aonavyo vema. Hakuacha hata sentensi moja.

Nikavua visikizio. "Kuna kosa," nikasema. "Pale Eli anapowasema wanawe. Kuna sauti ya mlango unaofungwa."

"Nimeisikia," Masanja akasema.

"Irekodiwe upya."

"Hapana."

"Masanja, ulitufutia Ruthu mzima kwa kikohozi cha ng'ombe."

"Hiyo iache, dada. Mimi ndiye fundi. Iache."

Nilikuwa nimeshinda jambo kubwa, nikaona mlango si kitu. Mshauri alikuwa ameamua kwa kufuata taaluma, Mchungaji ametii, na neno langu limesimama. Ndivyo nilivyoelewa.

Kwa mujibu wa kanuni nililazimika kupima tena. Nikaenda Sapiwi. Akina mama walijaa kuliko kawaida, na wanaume wakasimama nyuma. Sauti ilipoanza kuhusu nyama, mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huyu si ni yeye?"

"Ni yeye."

"Anajisoma."

"Nyamaza tumsikie anavyojisoma."

Kanda ilipoisha nikamwomba Mama Minza asimulie upya. Alisimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama popote. Alipofika kwa Eli akiupokea ule ujumbe, aliongeza neno moja lake, ambalo kwa kanuni ni tundu, nami nililiacha. Alisema, "Maskini."

Nikarudi mezani Bariadi, mbele ya Mchungaji Kiongozi, Masanja na mtafsiri, nikasema, "Limepita." Mchungaji akaitikia kwa kichwa na kuuliza kisa kinachofuata.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka ule niliomba ruhusa nikaenda Sapiwi. Ng'ombe walichinjwa nyuma ya kanisa mchana kweupe. Bwana afya aliletwa pale pale kwa baiskeli. Mchungaji Kiongozi alisimama karibu na chungu mikono akiwa ameifunga nyuma, na hakuondoka mpaka kila kipande kilipoingia. Watoto wake sikuwaona. Mama Minza alinikatia kidari kwenye bakuli la bati, akasema, "Kula, mpimaji. Pima na hiki." Bibi Holo, ambaye hakuwa na meno, alikuwa ananyonya mfupa wa mguu kwa furaha ya mtu aliyechagua mwenyewe. Wengine walihamia makanisa mapya, kama Mchungaji alivyotabiri. Wengine walirudi. Bucha iliendelea, ikinunua ng'ombe wake mnadani kama bucha nyingine.

Nilihamishiwa Shinyanga, kisha Mwanza, nikawa mkufunzi wa wapimaji. Nilifanya kazi chini ya wakuu wengi: Mratibu aliyeogopa kila barua, Katibu aliyelala kwenye vikao, Mkurugenzi aliyetaka kisa cha Daudi na mke wa Uria kiitwe kisa cha toba ili watu wasiulize toba ya nini. Kwa kila mmoja nilitumia kisa cha Eli. Niliwafundisha wapimaji vijana kwamba taaluma ikisimama imara, hata mwenye cheo atatii. Nilikitoa kama mfano wa ushahidi, na nilikitoa vizuri.

Sasa nimestaafu. Nimejenga Bariadi, ambayo siku hizi ni makao makuu ya mkoa, imejaa ofisi na bodaboda. Bado siamini mambo mengi. Vijana wanaonitembelea wananiuliza nilifanyaje kazi hiyo miaka yote, wengine wakitegemea niseme viongozi wa dini wote ni wanafiki, wengine wakitegemea nitubu. Siwapi lolote kati ya hayo. Ninawaambia kwamba Maandiko ya Wayahudi na ya Wakristo yamewaweka makuhani wabaya katikati ya ukumbi ambapo kila mtu anawaona, na kwamba anayewaficha anakata kitabu, hakilindi. Lile swali la siku ya kwanza nalo nina jibu sasa. Neno haliharibiki kinywani mwa mtu mbaya. Linaharibika linapokatwa. Na anayelisoma bila kulikata, likiwa linamhukumu yeye, sijui tena kama ni haki kumwita mtu mbaya. Jibu hilo nilitamani kumpa Mchungaji Kiongozi, lakini alikuwa amekwisha kufariki, na nilikuwa sijalipata lote.

Nusu ya mwisho nilipewa juzi juzi na Masanja. Amezeeka, masikio yake yale yamekufa, ukizungumza naye unapaza sauti. Alikuja kunijulia hali, nikamsimulia tena, kama kawaida yangu, jinsi Mshauri alivyoamua.

"Mshauri?" akasema. "Dada, Mshauri alisema ikatwe."

Nikadhani hajanisikia. Nikarudia.

"Nilikuwa mle ndani na nyaya zangu. Wakubwa hawamwoni fundi. Alisema, Mchungaji, kata, sura ya tatu inatosha, na huyo binti mtafutie nauli ya kwao. Mchungaji akashukuru, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Akarudi. Akanituma niwaite watoto wake wote wawili kutoka buchani. Wakaja na makoti yao yana damu. Akawasimamisha kwenye magodoro, akaniambia washa mtambo. Na aliniomba nisimwambie mtu yeye akiwa bado hai."

"Akasoma wakiwa pale?"

"Akasoma akiwatazama. Ule mlango uliotaka niufute, ni mkubwa wao alipotoka. Mzee hakusimama hata kuvuta pumzi. Yule mdogo alibaki mpaka mwisho."